Basi la kwenda Washington

Nauli dola 45, na bado basi likatufia njiani Delaware, kando ya barabara kuu, jua la Julai utosini. Kiyoyozi kimezima, watoto wanalia, dereva kajifungia na simu yake. Tulikaa pale mpaka jioni. Kituo cha mafuta cha jirani kilituuzia chupa ya maji dola 4. Kwa hela hiyo Dar unakula wali samaki na soda juu. Waliodai warudishiwe nauli waliambiwa waandike barua pepe.

Kesho yake, Jumba la Sanaa la Taifa, jengo la mashariki. Kuingia bure, alhamdulillahi. Nilichofuata ni turubai moja ya mchoraji Mmarekani mweusi Glenn Ligon, mzaliwa wa Bronx, New York: kimo chake kama mita moja, rangi nyeupe, maandishi meusi, "I AM A MAN", yaani "mimi ni mtu". Aliichora mwaka 1988 kutokana na mabango ya wazoa taka wa Memphis, jimbo la Tennessee. Februari 1968 wenzao wawili, Echol Cole na Robert Walker, walijikinga mvua ndani ya gari la taka, mashine ikawasaga. Wafanyakazi kama 1,300 wakagoma, na mabango hayo wakayabeba mgomoni.

Picha nilizoziona kwenye simu zilinidanganya. Mlinzi wa chumba, mzee wa Kihabeshi, aliniona nimeganda akasema, "Sogea pembeni, mwanangu, mwanga uipige ubavuni." Lo! Turubai nzima ina nyufa. Rangi imevimba, imepasuka, ina madoa, na ile nyeupe imeanza kuwa ya maziwa. Ukiwa karibu hivyo herufi zinapotea, unabaki na ngozi iliyozeeka. Ligon mwenyewe hakuzificha: mwaka 2000 alitoa chapa mbili za mchoro huu, moja ikiwa na alama za mtaalamu wa ukarabati kwenye kila ufa na kila doa. Kwangu hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, hata zile za baadaye ambazo maneno ya mwandishi James Baldwin yamezama kwenye vumbi la makaa mpaka hayasomeki.

Nikawakumbuka vijana wa mkokoteni kwetu Mwananyamala. Wanapita alfajiri, mikono mitupu kwenye vioo na pampasi, na wanaitwa "Taka! We taka!" mtaa mzima. Ada ya taka ikipanda, kila nyumba inapiga kelele. Glavu zao sijasikia zikidaiwa na mtu.