Kabla ya kuiamini Emax, tazama data zimeishia wapi

Nikipewa makala yenye modeli ya famakodainamiki, yaani hesabu ya jinsi athari ya dawa inavyobadilika na kiwango chake mwilini, sianzi na jedwali la vigezo. Natafuta kwanza mchoro wenye nukta za data, naangalia upande wa kulia: kiwango cha juu kabisa cha dawa kilichopimwa kwa washiriki kilikuwa kipi? Nikishakipata ndipo narudi kwenye jedwali kusoma Emax, yaani kikomo cha athari ya dawa, na EC50, kiwango cha dawa kinachotoa nusu ya athari hiyo. Vijana ninaofanya nao kazi famasi wameshanizoea. Wakiniletea makala, namba hiyo tayari wameizungushia kalamu.

Sababu iko ndani ya mlinganyo wenyewe. Athari ni Emax mara kiwango cha dawa, gawanya kwa jumla ya EC50 na kiwango hicho. Dawa ikifika EC50 unapata nusu ya Emax. Ikifika mara 3 ya EC50, robo tatu. Asilimia 90 inataka mara 9, na asilimia 99 inataka mara 99. Emax yenyewe athari huisogelea tu, haiigusi. Maana yake namba ile ya kwenye jedwali ni makadirio ya mahali ambapo hakuna mgonjwa aliyefika. Data zikiwa zimekaribia huko, sina shida nayo. Zikiwa zimeishia mbali, naisoma kwa tahadhari kubwa.

Shika kalamu tupige hesabu. Tuseme ni dawa ya kushusha presha na kiwango cha juu kilichopimwa ni 10 mg/L. Mchambuzi mmoja anapata Emax ya 60 mmHg na EC50 ya 20 mg/L. Mwingine, kwa data zilezile, anapata Emax ya 120 na EC50 ya 50. Kwenye 10 mg/L wote wanasema presha itashuka kwa 20 mmHg. Kwenye 5 mg/L mmoja anasema 12, mwenzake 10.9. Hakuna mashine ya presha wodini itakayokuamulia nani yuko sahihi! Sasa panda hadi 100 mg/L: wa kwanza anasema 50, wa pili 80. Hapo ndipo dozi hupangwa vibaya na mtu akaumia.

Kilichojulikana kwa uhakika zaidi katika data hizo ni mteremko wa mwanzo, yaani Emax gawanya kwa EC50: 3 kwa wa kwanza, 2.4 kwa wa pili. Vigezo hivi viwili hupanda pamoja na kushuka pamoja, kimoja kikificha kosa la mwenzake. Namheshimu sana mwandishi anayesema wazi kwamba data zake zinatosha mstari ulionyooka tu, akaachana na Emax.

Halafu kuna wanaoona EC50 ndogo wakasema dawa hiyo ina uwezo mkubwa. Chukua dawa za kukojoza: bumetanidi 1 mg hufanya takribani kazi ya furosemidi 40 mg ya kumeza, lakini kikomo chao ni kilekile, kwa sababu zote huziba kipitishio kilekile cha sodiamu, potasiamu na kloraidi kwenye tanzi la Henle, sehemu ya mrija wa figo. Haidroklorothiazidi, dawa ya kukojoza ya kundi la thiazidi, hufanya kazi mbele zaidi kwenye mrija wa figo, ambako sodiamu iliyobaki ni kidogo. Iongeze unavyotaka, peke yake haitaifikia furosemidi.

Hizi dawa za kukojoza nazipenda kufundishia, kwani zinaonyesha kwamba Emax ni ya dawa pamoja na mwili uliopewa dawa hiyo. Furosemidi hufanya kazi ikiwa ndani ya mrija wa figo, hivyo mchoro wa maana ni wa kiasi kinachotoka kwenye mkojo, si cha kwenye damu. Kwa mgonjwa wa moyo uliochoka, hata dawa ikifika vizuri kwenye mkojo, kikomo chenyewe kinakuwa kimeshuka. Mama akiniambia, "Mwanangu, niongezee basi vidonge, miguu bado imevimba," na dozi yake imeshafika kwenye kikomo, kuvirundika vidonge kwa mpigo mmoja hakumsaidii. Najadiliana na daktari kuhusu kuigawa dozi mara mbili au tatu kwa siku, au kuongeza thiazidi.

Kwa mgonjwa wa figo jibu linategemea ulichopima. Dawa inafika kwa shida ndani ya mrija, hivyo dozi lazima ipande. Ikishafika, ukihesabu asilimia ya sodiamu iliyochujwa inayotoka, kikomo kiko karibu palepale pa mtu mzima wa afya. Ukihesabu jumla ya sodiamu iliyotoka kwa saa, kikomo kimeshuka sana, maana figo zinachuja kidogo tangu mwanzo. Ni mgonjwa yuleyule na dawa ileile. Kwa hiyo baada ya mchoro, kitu cha pili ninachokitafuta kwenye makala ni kipimo kilichoandikwa pembeni mwa Emax, na mara nyingine nakikuta kimefichwa kwenye maelezo madogo chini ya jedwali.