Mlio Ndani ya Diski

Stima ilipopotea ghafla wiki iliyopita hapa Umoja, tarakilishi yangu ya mezani ilizimika nikiwa bado naandika, na iliporudi ilichukua muda mrefu mno kuwaka, huku diski yake, inayohifadhi faili zote, ikitoa mlio wa tak, tak, tak ambao sikuwa nimewahi kuusikia.

Sikuanza kwa kuikagua. Kwanza nilinakili picha za marehemu mama na hati zangu zote kwenye diski ya nje, kwa sababu ukaguzi kamili husoma diski nzima, sehemu kwa sehemu, na diski iliyochoka inaweza kufa katikati ya kazi hiyo. Nakusihi, ndugu msomaji, usiiruke hatua hii.

Kisha nilifungua dirisha la amri la Windows kwa idhini ya msimamizi, nikaandika chkdsk C: /r, amri ya kukagua diski. Kwa kuwa C ndiyo diski inayobeba Windows yenyewe, niliulizwa iwapo ukaguzi ufanyike tarakilishi itakapowashwa tena, nikabonyeza Y. Alama ya /f hurekebisha makosa ya mpangilio wa faili pekee, ilhali /r hufanya hayo na pia hutafuta sehemu mbovu na kuokoa data inayosomeka. Kazi ilichukua usiku kucha.

Asubuhi, katika ripoti ya chkdsk, mstari wa sehemu mbovu ulisoma KB (kilobaiti) 64. Programu hii haiponyi diski iliyoharibika. Huziweka alama sehemu hizo zisitumike tena. Jumamosi nitashuka Luthuli Avenue kutafuta diski mpya.