Uji Juu ya Jiwe

Mayu alikuwa akikaa nyumba ya juu kabisa kule Igogo, Mwanza, pale ambapo bodaboda wanakushusha na kukwambia umalizie mwenyewe, maana mbele ni mawe matupu. Mlangoni kwake unaliona ziwa mpaka macho yachoke. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na jumuiya nzima tulimwita hivyo, hata wazee waliomzidi umri. Aliuza dagaa Mwaloni, Kirumba, na hata Jumamosi alfajiri, akija kwenye sala za jumuiya na kanga safi, harufu ya dagaa ilimtangulia.

Jumatano ya Majivu ya mwaka 2021 ilikuwa tarehe 17 Februari. Padri hakutupaka msalaba kwenye paji la uso. Alitunyunyizia majivu utosini, barakoa usoni, bila kumgusa mtu. Narudi nyumbani, redio inatangaza kifo cha Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar. Jioni hiyohiyo mwenyekiti wetu akanipigia simu.

“Mhazini, Mayu hayuko vizuri. Anahema kwa shida.”

Hakuongeza neno, nami sikuuliza. Kipindi kile ndivyo tulivyosema: kuhema kwa shida, changamoto ya upumuaji, nimonia. Jina lenyewe tuliliogopa kuliko ugonjwa. Mwaka uliotangulia, baada ya siku tatu za maombi ya taifa mwezi Aprili, haukupita muda tukaambiwa corona imekwisha, na ndoo za kunawia zikaondoka mlangoni mwa kanisa. Moja niliikuta kwa jirani imewekwa pumba za kuku. Mwishoni mwa Januari 2021 Baraza la Maaskofu likatoa waraka wa tahadhari, ukasomwa, ndoo zikarudi. Ile ya pumba haikurudi.

Kesho yake tulikutana chini ya mwembe wa mwenyekiti, tumesimama mbalimbali kama watu waliogombana. Na kweli tuligombana. Mzee mmoja alisema kumwogopa mgonjwa ni kukosa imani, twende wote tukamwekee mikono na kusali rozari chumbani mwake. Mama mwingine akajibu kwamba yeye ana wajukuu wanne ndani, imani yake haijafika huko. Mwingine alitaka Mayu afukizwe nyungu asubuhi na jioni, na tayari alishachuma mwarobaini na majani ya mkaratusi.

Aliyetuokoa ni nesi mstaafu, mama mfupi ambaye siku zote hukaa nyuma na husema mwisho. Alitueleza kwamba Mayu alishafika hospitali, akapewa dawa, ila kulazwa amekataa katakata. Kijana wake wa pekee alikuwa kambini visiwani, Ukerewe, akivua dagaa, na simu yake haipatikani. “Kwa hiyo,” alisema, “ndani naingia mimi peke yangu, na barakoa mbili. Madirisha yanafunguliwa. Nyungu hapana, hana nguvu ya kukaa, mtamwagia maji ya moto. Ninyi leteni chakula, maji na mkaa, mweke nje.” Kisha akatoa mfukoni kile kipimo kidogo cha oksijeni kinachobana kidole, alichoazima kwa mwenzake wa kazini zamani. “Hii ikisoma chini ya 90, hatumuulizi tena. Tunambeba.”

Kumbeba vipi? Hakuna gari linalofika. Vijana wanne wa kwaya wakajitolea kulala nyumba ya chini yake, na kiti cha mbao walichokifunga miti miwili ubavuni. Walilala na viatu miguuni siku tisa. Nimesikia mahubiri mengi kuhusu upendo, lakini nikilisikia neno hilo huwa naona viatu vile.

Mfuko wa jumuiya ulikuwa na shilingi 63,500. Nilizihesabu mara mbili mbele ya mwenyekiti. Malimao na tangawizi vilikuwa vimepanda bei sokoni, ila nesi alisema tununue kwanza unga wa ulezi, mayai na vocha ya simu, ili Mayu aweze kupiga usiku. Tukakubaliana kila nyumba iongeze 1,000, mwenye nacho. Asiyekuwa nacho alete maji, na maji ya kupandisha kule juu si sadaka ndogo.

Zamu yangu ilikuwa uji wa asubuhi. Mke wa mwenyekiti aliupika, mimi niliubeba kwenye chupa ya chai. Mbele ya nyumba ya Mayu kuna jiwe pana, bapa, ambalo yeye hulitumia kuanikia. Nilikuwa naweka chupa pale, naita “Mayu, mwangaluka!” halafu nageuka. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakimbia. Nashuka mawe mbio, nimebana pumzi mpaka nifike kwenye ngazi, kana kwamba ugonjwa ungetoka dirishani ukanifuata. Baba mdogo wangu alikuwa amezikwa Januari, kwa hiyohiyo changamoto isiyo na jina, na kwenye msiba wake hatukukesha.

Siku ya nne, nikiwa nimeshageuka, nikasikia sauti dirishani, nyembamba, ya mtu anayekopa pumzi kwa kila neno.

“Mwanangu. Unamkimbia nani? Mimi chui?”

Nikasimama. Nilishindwa kumjibu. Alikuwa ameshika nondo za dirisha, kanga kichwani, amekonda. Nikakaa kwenye jiwe jingine, mbali kidogo, nikamngoja nesi atoke kuchukua chupa. Kuanzia siku ile nilikaa. Nilimwambia bei ya dagaa, nani kafungua kibanda, boti ipi imetia nanga. Yeye hakuwa na pumzi ya kujibu, lakini nikikosea bei alitikisa kichwa.

Usiku wa siku ya sita kipimo kilisoma 91. Vijana wakapanda na kiti chao, wakakaa kwenye lile jiwe mpaka alfajiri. Nesi alimlaza Mayu kifudifudi, akamsemesha usiku kucha. Kulipokucha kilisoma 93, na watu wakaanza kulia kwa namba.

Mwezi ulipopevuka kambi zikavunja, maana dagaa huvuliwa usiku wa giza, kijana akarudi kutoka visiwani, tukamwachia mama yake. Siku zilezile za mwanzo wa Machi, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu alitangaza kwamba mapadri zaidi ya 25 na masista 60 wamefariki ndani ya miezi miwili. Tulisikiliza habari ile tukiwa tumemzunguka nesi wetu, na hakuna aliyesema kitu.

Mayu alirudi jumuiya Jumamosi moja baada ya Pasaka. Alishuka polepole hadi kwa mwenyekiti, akapumzika mara mbili njiani. Ile chupa ya uji aliirudisha ikiwa imejaa dagaa wakavu, wale wazuri, maana chombo cha watu hakirudi kitupu. Baada ya sala akaniomba daftari la mhazini. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari: ulezi, mayai, mkaa, vocha. Kiasi kipo. Tarehe ipo. Kwenye safu ya mwisho, ya sababu ya matumizi, palikuwa peupe kurasa mbili nzima.

“Hapa mbona hujaandika?”

Nikamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akaangalia mwembe.

“Sikujua niandike nini, Mayu.”

Akafikiri. “Andika uji,” alisema. “Si ndio mlioniletea?”

Nikaandika uji. Mwenyekiti akakohoa, watu wakamtazama vibaya, akaomba radhi, tukaendelea na zamu ya kufagia kanisa.