Nilivyolainisha springi za nyuma za pikapu (baada ya kukosea kwanza)

Pikapu yangu ikiwa tupu ilikuwa inaruka nyuma kama mbuzi aliyekatiwa kamba, tuta dogo tu kichwa kinatafuta dari, na niliyempa lifti jana leo anakwambia we tangulia tu ntakuja. Sababu sio siri, springi zile (za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine) zimetengenezwa kubeba mzigo wa maana na mimi siku nyingi nabeba boksi la spana na mwili wangu.

Kila niliyemuuliza jibu ni moja, toa chuma kimoja. Sawa, ila kipi? Nikatoa kile kinene cha chini kabisa kilichonyooka, si ndo kinaonekana kigumu, nikajipongeza, nikaingia barabarani... wapi, ni vilevile. Nilipochungulia springi ya upande wa pili ambayo nilikuwa sijaigusa ndo nikaelewa, kile chuma kimenyooka makusudi, gari likiwa tupu ncha zake hazimgusi mwenzake wa juu, kinasubiri mzigo uje uikandamize springi ndo kianze kazi. Kwa hiyo nilichofanya ni kupunguza uwezo wa kubeba na kushusha gari kidogo, basi. Nikakirudisha.

Awamu ya pili nikashusha springi zote mbili, chesesi juu ya stendi, ekseli ina jeki yake (jeki peke yake usiiamini hata kidogo). Kabla ya kugusa senta bolti, ile inayopita katikati ya vyuma vyote, nilibana vyuma kwa klampu mbili, maana kila kimoja kimepinda kivyake na bolti ndo inavilazimisha vikae pamoja, ukifungua kizembe vinafumuka na vidole vyako vipo hapohapo. Kuvitenganisha nikakuta kutu ya kumenyeka kama maganda, na kila ncha imechimba kamfereji kwenye chuma cha juu yake. Hapo ndo ulipokuwa ugumu wenyewe! Springi ikijipinda vyuma vinatakiwa viteleze juu ya vingine, vikishikana kwa kutu basi kwenye mashimo madogo springi haijongei kabisa, kinachofanya kazi ni matairi tu.

Nikasugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, nikalainisha ile mifereji, nikapaka grafaiti kavu. Grisi sikutaka kwasababu inakusanya vumbi na vumbi likichanganyika na grisi linakuwa msasa. Nikaweka na vipande vya plastiki ngumu kwenye ncha. Bushi (raba) za shakoli, kile kiungo kinachoshika ncha ya springi kwenye chesesi, zilikuwa zimekauka nikabadilisha, na bolti zake nikazikaza mwisho kabisa gari likiwa limesimama kwa matairi yake, ukizikaza likiwa linaning'inia raba inabaki imejikunja muda wote na itachanika mapema.

Bila kutoa chuma hata kimoja, nusu ya shida ikaisha. Nikapunguza na upepo wa matairi ya nyuma, nilikuwa najaza kama nimebeba mzigo wakati sina.

Nusu iliyobaki ndo nikatoa chuma kimoja cha katikati kila upande. Hapa angalia unene, chuma chenye unene mara mbili kina ugumu mara nane, sio mara mbili, kwa hiyo usichague kwa macho tu, pima. Chuma kikuu chenye macho (yale matundu ya bolti kwenye ncha) usikiguse, ndicho kinachoshikilia ekseli. Na kichwa cha senta bolti lazima kiingie kwenye tundu lake, la sivyo ekseli inakaa upande na gari linatembea kama kaa.

Nyuma ilishuka, taa zikaanza kumulika juu nikazirekebisha. Gari langu pia lina ile valvu ya breki yenye mkono ulioungwa kwenye ekseli, nyuma ikishuka inadhani umebeba mzigo inaongeza nguvu breki za nyuma, kwenye maji matairi yanafunga. Hiyo irekebishwe kabla hujatoka, sio kesho. Na shokapu za zamani zikaumbuka, msuguano wa kutu ndo ulikuwa unazificha, sasa gari likipita tuta linapiga bembea tatu, nikanunua mpya.

Sasa linatembea laini ila mzigo kamili wa zamani silibebeshi tena. Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, niliweka mpya maana za zamani zimeshavutika, na baada ya kama kilomita 200 nikalala tena chini na spana, nati mbili zilikuwa zimelegea.