Siku moja mezani kwangu: gitaa la kijani lililozaliwa bluu

Saa mbili asubuhi. Nafungua pazia kabla ya kitu kingine. Kazi yangu ni kutambua rangi za kiwandani za magitaa ya umeme ya zamani, na mwanga ukikudanganya asubuhi utaandika upuuzi kutwa nzima. Natumia dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, nazima taa zote na kutandika kitambaa cha kijivu mezani. Hata shati langu ni la kijivu. Siku moja nilivaa jekundu nikaona wekundu kwenye gitaa jeupe, nikauandika kabisa kwenye ripoti. Aibu ile sijaisahau.

Saa mbili na nusu. Nafungua sanduku. Ni Stratocaster, gitaa la umeme la kampuni ya Fender, na mwenyewe ameweka kikaratasi: "Fundi, hii ni Ocean Turquoise, naomba uthibitishe tu." Hilo "tu" huwa linanitia wasiwasi. Kwa mbali kweli ni kijani cha bahari, na ukiliinamisha kidogo, chenga za metali zinametameta.

Saa tatu. Nalegeza nyuzi, natoa skrubu nne, nainua shingo. Kitakoni kuna mhuri wa wino: 2FEB63B. Hiyo 2 ni namba ya Stratocaster, halafu mwezi na mwaka, na B ni upana wa shingo, ule wa kawaida. Hapo hapo kikaratasi cha mwenyewe kinaingia mashakani, kwa sababu Ocean Turquoise iliingia kwenye orodha ya rangi za Fender mwaka 1965. Ila shingo huhama. Watu wamefanya mengi na bisibisi, kwa hiyo siishii hapo.

Saa nne. Sasa bamba la plastiki lililobeba pikapu, yaani vinasa sauti vya nyuzi. Hapa ndipo siku yangu inapoliwa. Plastiki ya miaka ile ni ya seluloidi, na seluloidi husinyaa. Ikisinyaa huzivuta skrubu zake 11 upande upande, na ukifungua moja yote kwa pupa, bamba linapasuka pembeni mbele ya macho yako. Nazungusha kila moja robo mzunguko, nahamia nyingine, narudi. Dakika arobaini. Mwishowe bamba linanyanyuka, na chini yake, pale ambapo mwanga haujafika tangu kiwandani, rangi ni bluu. Bluu iliyoiva, yenye chenga za alumini, na mpaka wake na ule ukijani umenyooka kama uliochorwa kwa rula.

Hii ni Lake Placid Blue. Rangi hizi za ziada, ambazo mnunuzi aliziongezea asilimia 5 ya bei, zilikuwa rangi za magari kutoka DuPont: Duco iliyokuwa laka ya nitroselulosi, na Lucite ya akriliki. Lake Placid Blue ni Lucite. Akriliki yenyewe haibadiliki sana. Kinachobadilika ni laka angavu ya nitroselulosi iliyopulizwa juu yake, maana hiyo hugeuka njano kwa umri na mwanga. Weka njano juu ya bluu, umepata kijani. Kwa njia hiyo hiyo Olympic White hugeuka rangi ya siagi, na Pelham Blue, bluu ya kampuni ya Gibson, nayo huishia kwenye kijani. Ningekuwa na haraka ningeandika Sherwood Green, kijani cha Fender, ambayo kweli ilikuwepo mwaka 1963 na ina chenga za metali vilevile.

Saa sita mchana. Kujua ni bluu gani hakutoshi. Je, ilipakwa kiwandani au na mtu mwingine baadaye? Natafuta matundu ya misumari. Hadi karibu mwisho wa 1964 mafundi wa kiwanda cha Fender huko Fullerton, California, walipigilia misumari midogo kwenye uso wa mwili ili uweze kusimama juu yake wakati rangi inakauka. Msumari uking'olewa unaacha tundu la mbao tupu, halina rangi ndani. Mwili uliopakwa upya mara nyingi matundu hayo yamezibwa, au yamemezwa na rangi. Nayapata, kwa lenzi naona mbao kavu. Potensiometa, vile vifaa vilivyo chini ya vitufe vya sauti, zinasoma 304-6252: 304 ni mtengenezaji Stackpole, 6252 ni wiki ya 52 ya mwaka 1962. Risasi ya kuunganishia waya imefifia na haijaguswa.

Nafunga pazia, nawasha taa ya urujuanimno. Laka kuukuu inang'aa kijani-njano, kila mahali sawasawa, isipokuwa doa moja jeusi ukingoni, ukubwa wa punje ya mahindi. Mtu aliwahi kuziba mchubuko hapo. Naliandika.

Saa nane. Picha, na kwenye kila picha kadi ya kijivu. Kazi ya kuchosha, sina la kusimulia.

Saa tisa. Mtu katuma picha za Stratocaster ya Fiesta Red, yaani nyekundu, na kwenye mchubuko inachungulia sunburst, ile rangi inayofifia kutoka nyeusi pembeni hadi njano katikati. Anataka jibu sasa hivi. Kiwanda chenyewe wakati mwingine kilipuliza rangi juu ya sunburst, na Uingereza ya miaka ya 1960 wasambazaji nao walipaka sunburst upya kuwa nyekundu. Namjibu alilete lifunguliwe. Hajafurahi.

Saa kumi. Nampigia mwenye gitaa. Kimya kidogo, kisha: "Sasa fundi, si unaweza kuipiga msasa hiyo njano, bluu ikarudi?"

"Naweza. Lakini ukiiondoa laka hiyo, umeondoa kitu cha kiwandani ulichonilipa nikithibitishe."

"Kwa hiyo libaki kijani?"

"Libaki hivyo hivyo."

Saa kumi na moja. Narudisha bamba, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Skrubu moja haikazi, tundu lake limelegea. Naiacha ilivyokaa, ripoti nayo inapata mstari mmoja zaidi.