Nimerudi Tanga na digrii mbili, Ami wa darasa la saba ndo ananifundisha kazi

Jamani nina miezi minane tangu nirudi Tanga na kuna jambo limenikaa rohoni naomba niliseme. Niliondoka 2013, nikasoma Hamburg mambo ya usafirishaji wa mizigo, nikafanya na kazi kidogo bandarini kulekule. Wakati naondoka meli kubwa hapa zilikuwa zinatia nanga nje huko, mzigo unashushwa kwenye matishari ndo uletwe gatini, maana kina kilikuwa mita 3 tu. Sa hivi wamechimba mpaka mita 13, meli inafunga gatini kabisa, siku ya kwanza kuiona inaingia nilikuwa Raskazone na machozi yalinitoka kwa kweli.

Nikapata kazi kwenye kampuni ya kutoa mizigo, msimamizi. Hapo ndo nikamkuta Ami, wote tunamwita hivo, mzee wa miaka sitini hivi, alianza ukuli kwenye matishari enzi hizo.

Wiki ya tatu tuna mzigo wa mbolea, mvua inatishia, nikaandika kwenye grupu la WhatsApp la madereva kwamba lori lisilofika saa 12 asubuhi linapoteza zamu. Asubuhi yamekuja yote, yamepaki nje ya geti, injini zimezimwa, hakuna anayeingia. Nikafoka kwenye simu, nikafungua laptop nikaanza ripoti, uzembe wa madereva, nimeandika kabisa hivo. Ami akafika na baiskeli yake, wala hakuuliza habari ya lori. Akaanza na mkubwa wao, wakasalimiana mpaka basi, akageukia vijana wakampa shikamoo, marahaba, mama yuko Lushoto anaendeleaje, alishatoka hospitali, na wewe mtoto kaanza kutembea, akaagiza chai na vitumbua kwa mama wa pale nje wakanywa, mi nahesabu dakika roho inaniuma. Ndo akauliza enhe, kuna nini wanangu. Kumbe posho ya safari mbili haijalipwa na kila wakipiga ofisini wanaambiwa kesho. Ami akasema hela inatoka leo kabla ya adhuhuri, nitaifuata mwenyewe. Wakawasha magari hapohapo. Na kweli alienda kukaa mlangoni kwa mhasibu mpaka ikatoka.

Baadae akaniambia taratibu, mwanangu, uliandika kabla hujauliza. Basi, hajawahi kulirudia.

Sisemi shule haina kazi, nisieleweke vibaya. Mwezi uliofuata nilikaa na makaratasi ya makontena nikaona siku za bure, zile za kukaa bandarini bila kulipia, zinaisha Ijumaa sio Jumanne kama tulivodhani, tukawahi kuyatoa, tozo ingetuumiza. Ile ni shule, na Ami ndo alikuwa wa kwanza kunipongeza, akaniomba nimfundishe kusoma zile karatasi. Sa hivi kila siku baada ya alasiri tunakaa wote, mi namuonesha tarehe na mahesabu, yeye ananieleza nani kagombana na nani na kwa nini gengi fulani, yaani kundi la makuli, halipangwi na gengi fulani.

Kinachoniuma ni hiki. Nafasi niliyopata mimi aliiomba yeye. Barua yake haikusomwa maana tangazo lilisema digrii, na wasimamizi wanne walionitangulia amewafundisha yeye. Mshahara wake sitaki hata kuutaja hapa.

Kule Ujerumani karatasi inaulizwa kuliko hata hapa, usidanganyike, ila kijana akitaka kazi ya bandarini anaajiriwa kama mwanafunzi wa kazi, siku kadhaa yuko kazini siku kadhaa yuko chuoni, mara nyingi miaka mitatu, analipwa, mwisho anafanya mtihani, kwahiyo alichojifunza kwa mikono kinaandikwa kwenye karatasi. Na sisi tuna mlango wa namna hiyo, VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, fundi muashi au seremala aliyejifunzia mtaani anapimwa anapewa cheti chake. Lakini kazi ya Ami haishikiki kama tofali, ni kujua watu, na ofisi isiyotaka kuiona haitaiona.

Mi nimeiona. Nimeandika kila tukio alilotuokoa tangu nifike, yako kumi na moja, na nimeomba apewe cheo cha msimamizi wa madereva na magengi na mshahara wake. Nimemsomea yote jana, kasahihisha mawili, kaniambia hapo mtaje na yule kijana wa winchi alisaidia. Jumatatu nampelekea bosi mkononi.