Sterini nzito imenitoa jasho, kumbe klipu tu
Wiki mbili nilikuwa nazungusha sterini kama nasaga mahindi kwa mkono. Gari likishika spidi afadhali, ila kupaki Kijenge hapa Arusha asubuhi na kile kibaridi cha Meru ni shughuli, na ukikata kona chini ya boneti panalia ng'ooo. Fundi wa kwanza hata boneti hajafungua akasema raki (ile inayosukuma matairi ya mbele ukikata sterini) imekufa, laki tatu na nusu. Nikamwambia poa bro, narudi kesho. Sikurudi.

Upepo wa tairi uko sawa, mkanda wa pampu ya sterini haujalegea. Kufungua kikopo cha oili ya sterini, iko chini ya alama ya MIN na ina povu kama bia, yaani pampu inavuta hewa. Nikapapasa mpira unaotoka kwenye kikopo kwenda pampu, vidole vikatoka vyekundu kwa oili, klipu imeliwa na kutu! Nikafunga mpya, nikajaza ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) maana ndo imeandikwa kwenye kifuniko, nikanyanyua mbele kwa jeki na stendi, injini imezimwa, nikawa nakata taratibu mwisho kulia mwisho kushoto huku dogo anaongezea oili mpaka mapovu yakaisha. Kuwasha, kimya, nakata kwa mkono mmoja. Dogo bado ananidai buku tano.